Kuna Jina Limebaki

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, kilichoninyima usingizi hakikuwa tumbo. Ilikuwa hesabu. Mama yangu alitaka nijifungulie nyumbani Ujiji, mikononi mwa Mkunga. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu na kuja mjini mwisho wa wiki, alitaka nijifungulie hospitali. Mimi nilitaka mtu aniambie kwa hakika ni wapi nisingekufa.

Chuoni nilisomea uchumi, nikafundishwa kupima hatari kwa namba. Basi nililala chali nikiwapanga wanawake niliowajua mafungu mawili, waliozalia nyumbani na waliozalia hospitali, na kila mara hesabu ilivurugika mahali palepale. Wote waliomsifu Mkunga walikuwa hai. Waliokufa hakuna aliyewauliza. Kisha nikafikiri kwamba hata waliokufa hospitali hawakuulizwa. Kisha nikafikiri kwamba kufikiri sana huenda kunampandishia mtoto presha, nikaanza kuogopa kufikiri.

Kwa hiyo nikaacha kuwahesabu wanawake, nikaanza kumfikiria Mkunga mwenyewe.

Hakuna mtu mtaani kwetu aliyemwita kwa jina lake. Wanaume walisema Mkunga, watoto walisema Mkunga, na sisi tuliolelewa vizuri tulimwita Bibi mbele ya uso wake na Mkunga akishapita. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili. Mikono hiyo aliitunza kuliko uso. Hakupara samaki, hakuvunja kuni, na jioni aliipaka mawese akakaa barazani ameinyoosha mbele yake kama bibi harusi anayengoja hina ikauke. Mtu akimsalimia kwa mkono alimpa kifundo cha mkono.

Mjamzito hakumjibu salamu kabla ya kumtazama miguu. Ungesema "Shikamoo Bibi" mara mbili, naye macho yako chini, kwenye visigino vyako. Akiridhika alisema "Marahaba" na kupita. Asiporidhika alisema kitu kingine. Siku moja sokoni alimwambia mke wa mwalimu, mbele ya wauza dagaa wote, "Nyonga za mbuzi hizi, na unataka kupitisha mtu? Mwambie mumeo aanze kuuza baiskeli, kisu ni ghali." Mke wa mwalimu alilia mpaka nyumbani. Akajifungua salama, kwa Mkunga huyohuyo, na kila alipohadithia habari ile alicheka kuliko waliomsikiliza. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Aliyetukanwa na Mkunga akapona alilichukua tusi lile kama dawa, akaja kulitangaza.

Alikuwa na maneno yake ya siku zote. Kwa mwanamke anayepiga kelele: "Lia ukimaliza. Sasa hivi una kazi." Kwa mume anayegonga mlango kuuliza: "Wewe ulishamaliza yako." Kwa mama mzazi wa anayejifungua, ambaye alimtoa nje bila kujali umri wala machozi yake: "Wewe utanisaidia nini? Utalia, naye atakusikia, tutakuwa na wagonjwa wawili." Redio ilizimwa. Hakula chakula cha nyumba ile mpaka kondo la nyuma litoke, hata uchungu ukichukua mchana kutwa. Likitoka, alikula kama mtu aliyelima. Ugali wa muhogo, samaki mgebuka mzima, na kichwa cha mgebuka wa mtu wa pili.

Mimi aliniita Miguu.

Nilizaliwa nikitanguliza miguu. Mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara alishika shingo yake mwenyewe alipofika pale kichwa kilipobaki ndani. "Angekuwa mtu mwingine, ungenyongwa palepale. Huyu mwanamke aliweka kidole mdomoni mwako, akakukunja, ukatoka kama shati linavyovuliwa. Hospitali wangenipasua. Labda wangekupasua na wewe." Niliporudi kutoka chuo kikuu na suruali yangu ya kitambaa na kazi kwenye shirika linaloandikisha wakimbizi ziwani, Mkunga alinitazama toka juu mpaka chini mbele ya ofisi na kusema kwa sauti, "Miguu! Umesoma mpaka umekuwa mwanaume. Lakini mimi ndiye niliyekuona wa kwanza, na nilikuona matako."

Wenzangu wa ofisini walinicheka mwezi mzima. Nami nikamchukia, kisha nikaona aibu kumchukia mtu aliyenitia kidole mdomoni nikapumua.

Sasa niseme habari ya hospitali, maana sitaki ionekane nilikuwa na pa kukimbilia pasafi.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi kuliko sisi. Walivuka ziwa kutoka Kongo kwa boti zilizojaa mpaka maji yanalamba ukingo, na wengine walishuka kwa miguu kutoka Burundi. Mashirika yakaja, yakafungua kambi, na kambini mishahara ilikuwa mizuri. Manesi wakaenda huko. Huwezi kuwalaumu, hata mimi nilikuwa nakula mshahara wa wakimbizi. Lakini waliobaki hospitali walibaki wachache, na uchovu wao waliumalizia kwa wazazi. Ulitakiwa uje na glovu zako, pamba yako, uzi wako, wembe wako. Kitanda mlilala wawili, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Anayelia aliambiwa maneno nisiyoyaandika kuhusu siku aliyoipata mimba ile.

Dada yangu mkubwa alijifungulia huko. Nesi alimwambia "bado", akaenda kumhudumia mwingine aliyekuwa anatoka damu. Alirudi akasema "bado" bila kumshika. Mara ya tatu hakuwepo wa kurudi. Mtoto alitoka dada akiwa amechuchumaa kando ya kitanda, akaanguka sakafuni, na hakulia. Nesi alipokuja alimwuliza dada yangu, "Umeuaje mtoto?" Dada hakuwahi kurudi pale. Watoto wake waliofuata wote walipita kwenye mikono iliyopakwa mawese.

Basi mama aliponiambia "chagua", alikuwa na habari ya dada yangu ya kunionyesha. Na mimi nilikuwa na ya Mwavita.

Mwavita alikuwa jirani yetu, ua kwa ua. Tulicheza pamoja, tukasoma darasa moja mpaka mimi nilipochaguliwa kuendelea na yeye akaolewa. Nilikuwa likizo mimba yake ilipofika, akaja kujifungulia kwa mama yake, wakwe wakamfuata. Uchungu ulimshika asubuhi, Mkunga akaja na kikapu chake cha plastiki, na sisi wa upande wa pili tukapunguza sauti kama ilivyo adabu. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Kesho yake jua lilipokuwa limeshapanda, mtoto alikuwa bado, na hapo ndipo tulipomsikia Mkunga akianza.

"Taja."

Kwetu inafahamika. Uchungu ukikaa sana watu huamini mwanamke amefungwa na dhambi yake. Ana mwanaume mwingine aliyewahi kulala naye, na mtoto hatatoka mpaka jina la mtu huyo litoke kwanza. Mkunga anauliza, wakwe wako ukumbini wanasikia. Mwanamke akitaja, njia inafunguka. Ndivyo wanavyosema. Wapo waliotaja na mtoto akatoka, na hao ndio wanaokumbukwa.

"Sina mtu," Mwavita alisema.

"Taja, mtoto anachoka."

"Bibi, wallahi sina."

"Basi kaa naye humo."

Mama yangu alifunga dirisha. Haikusaidia, madirisha yetu ni mbao. Baadaye Mwavita akamtaja fundi baiskeli wa kona, mtu mpole aliyewahi kumzibia tairi bila malipo. Nje shemeji zake wakanong'ona. Mtoto hakutoka. "Mwingine," Mkunga akasema. Akamtaja mwalimu wetu wa darasa la sita. Akamtaja muuza mafuta ya taa. Akamtaja mtu aliyekwisha kufa tulipokuwa watoto, na hapo mwanamke mmoja ukumbini akacheka, nikamsikia kabisa akicheka, akajiziba mdomo.

Jioni ile mtoto alitoka amekufa. Mkunga alinawa mikono, akachukua kikapu, na alipofika kizingitini wakwe wakamwuliza imekuwaje, na wanaume wametajwa wote.

"Kuna jina limebaki," akasema, akaenda zake.

Hakukataa chakula siku ile kwa hasira wala huzuni. Alipita kwetu akauliza kama kuna dagaa.

Fundi baiskeli alihama na pampu yake kabla ya Ijumaa. Mume wa Mwavita alimwacha hapohapo kwa mama yake. Na Mwavita alibaki na ugonjwa ambao mtoto aliyekwama aliuacha: mkojo ulimtoka bila yeye kujua, mchana na usiku, haukukata. Akawa anakaa juu ya kipande cha sponji nyuma ya nyumba, anafua matambara pembezoni mwa ziwa saa ambazo wengine hawafui. Wanawake walisogeza mikeka. Na lile neno la Mkunga likawa neno la mtaa. Mtu akikwama na jambo lolote, mlango umekataa, chumvi imekwisha, boti haiwaki, walisema, "Kuna jina limebaki," wakacheka. Walisema hata Mwavita akiwa anapita. Nadhani walisema zaidi akiwa anapita.

Hayo niliyajua kwa miaka, nayo hayakutosha kunifanya niamue. Nilijiambia Mkunga aliamini alichofanya. Mtu anayeamini anaweza kukosea bila kuwa mwovu. Mimi mwenyewe naamini mambo mengi bila ushahidi. Nilimtetea vizuri sana, nikiwa peke yangu. Mpaka ile siku ya Bangwe.

Nilikuwa ufukweni pale Bangwe, mimba yangu ikiwa bado changa, na wenzangu tukiandikisha watu waliotoka kwenye boti, mwanamke mmoja akakaa chini katikati ya mstari na maji yakamtoka. Nesi wa shirika alikuwa kambini. Mtu akakimbia kumwita Mkunga, akaja kwa hatua zake za polepole huku akilalamika. "Wengine wanahama na masufuria, hawa wanahama na mimba." Tulimzungushia yule mwanamke vitenge. Mimi nilibaki upande wa kichwa kwa sababu alinishika mkono hakuniachia.

Aliuma meno, akamtazama Mkunga akizungumza, na katikati ya uchungu wake akasema, "Mama, unasema kama nyanya yangu wa Kalemie, kule ng'ambo."

"Mimi si wa kwenu," Mkunga akamkata. "Panua."

Alimpaka mawese tumboni. Akashika, akasikiliza kwa vidole, akaingiza mkono, akatulia kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wa nguo. Nilikuwa namtazama uso. Ulibadilika kidogo, kisha ukarudi. Nilijiandaa kusikia lile neno. Ningefanya nini sijui. Nilishaanza kujitungia hotuba.

Hakusema "taja". Alitoa mkono, akaupangusa, akamwambia dereva wetu aliyekuwa amegeuka mgongo, "Lete gari. Huyu apelekwe hospitali sasa hivi, akapasuliwe."

Tulimpeleka. Alipasuliwa, akapona, na mtoto wake nilimwandikisha mimi mwenyewe baada ya wiki mbili, mtoto mnene.

Siku ile nikirudi na Mkunga kwa miguu nilimwambia, nikijifanya nauliza kwa mzaha tu, "Bibi, huyu hukumuuliza majina."

Akacheka mpaka akasimama. "Huyu aliyetoka vitani? Akianza kutaja tutakaa pale mpaka vita iishe." Akatembea kidogo, akaongeza, "Halafu amtajie nani? Hana mume pale, hana wakwe. Hana mtu."

Hapo ndipo usingizi uliponiisha. Nililigeuza neno lile kila upande. Hana mtu. Kama jina ndilo linalofungua njia, lingefungua hata bila wakwe kusikia. Kama linahitaji wakwe wasikie, basi si la kufungua njia. Nilijaribu kumtetea tena. Labda alimhurumia. Labda kwa wakimbizi sheria ni nyingine; kuna siku nilimkuta akimlisha uji msichana wa Kirundi aliyejifungua barazani kwake, akamtunza mpaka arobaini ilipoisha, akimtukana kila kijiko. "Meza, mbwa we. Unadhani unga ni wa baba yako?" Na msichana anameza, anatabasamu, haelewi neno. Labda moyo wake ulikuwa mlaini kwa wageni na mgumu kwa wa kwao. Watu wa namna hiyo wapo.

Na nilijua kwamba alikuwa na kiburi. Mabwana wa afya waliwahi kuwakusanya wakunga wa jadi wote Mwandiga, wakawafundisha kunawa na kumwahisha hospitali mwanamke aliyekwama, kisha kila mmoja akapewa ndoo ya plastiki na sabuni. Mkunga alirudi na ndoo kichwani. Mama alimwuliza wamefundishwa nini. "Wamenifundisha maji yanalowanisha," akasema. Ndoo ile aliitumia kulowekea muhogo.

Mwezi wa mwisho nilichukua likizo nikahamia kwa mama. Nilikwenda nyuma ya nyumba ya pili kukaa na Mwavita, jambo ambalo nilikuwa silifanyi mara nyingi, nami nilijua anajua. Nilimweleza mafungu yangu mawili, dada yangu, Bangwe, kila kitu, nikizunguka kama kawaida yangu. Mwishowe nikamwuliza, "Wewe ungechagua wapi?"

"Usiniulize mimi. Mimi nani aliniambia nichague?" Alikuwa anapindua sponji yake juani. "Ila ukimwona, niulizie kitu kimoja."

"Kipi?"

"Alijua lini. Kwamba yule mtoto amekwama. Alijua lini." Akakaa. Halafu akasema, bila kunitazama, "Na ile wanayosema kwamba kuna jina limebaki. Halikubaki. Niliwamaliza wote ninaowajua."

Sikwenda kumwuliza. Niliogopa jibu, na niliogopa zaidi kwamba angenijibu kwa tusi, nami nibaki na tusi na swali vyote viwili. Siku zikapita nikiwa sijaamua. Mkoba wa hospitali nilikuwa nimeshaufunga. Mama naye alikuwa ameshaanika mkeka. Vyote viwili vilikaa chumba kimoja, nami katikati.

Uchungu ulianza asubuhi, nikichambua mchele. Mume wangu alikuwa kambini. Mama hakuniuliza, alitandika mkeka, akamtuma mtu. Mkunga akaja. Alikuwa amezeeka kwa miezi ile michache, jicho moja limeingia ukungu, lakini alinitazama miguu kwanza kwa lile lililobaki.

"Shikamoo Bibi."

Alichelewa. "Marahaba, Miguu. Lala."

Akamtoa mama nje. Akamimina mawese kiganjani, akaanza kuyasugua polepole mpaka vidole vikang'aa. Alinishika tumbo. Niseme ukweli: mkono ule ulinituliza kuliko kitu chochote nilichopata kliniki. Ulijua unakwenda wapi. Maumivu yalikuja yakanikuta nimeshikwa, na mwili wangu ukataka kubaki pale. Nilitaka sana kubaki. Kama nisingeuliza wakati ule, nisingeuliza tena.

"Bibi. Mwavita anakuuliza. Ulijua lini kwamba mtoto amekwama?"

Mkono haukusimama. "Leo ndiyo siku ya kuuliza hayo?"

"Ndiyo leo."

"Siku ya kwanza. Kabla ya adhuhuri." Alisema kama anavyotaja bei ya dagaa. "Kichwa kilikuwa kimegota mfupani. Hata mjinga angejua."

"Kwa nini hukumpeleka hospitali?"

"Nimpeleke kwa wale wanaoniita mchafu? Halafu wiki inayofuata nani ananiita?" Akanigeuza ubavu, akaendelea kusugua. "Mlango ule nimeingia miaka yote sijawahi kutoka nimeshindwa. Ningetoka siku ile na binti mgongoni?"

"Sasa majina yalikuwa ya nini?"

"Majina ni ya walio nje." Akacheka kidogo, puani. "We umesoma, hesabu mwenyewe. Mwanamke akifa kimya, watu wanasema Mkunga kaua. Akifa ametaja, wanasema kajiua. Yule hakufa, bahati yake."

Nilidhani ataongeza neno, atasema alikuwa kijana, atasema anaota. Aliongeza. Alinipiga kofi dogo la shavu, la kirafiki, akasema, "Na wewe ukinikwamia nitakuuliza. Kwa hiyo anza kuwapanga hao wa chuo."

Niliamka. Si kwa ushujaa; nilishika ukuta, nikangoja uchungu upite, nikafunga khanga, nikauchukua mkoba. Mama alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Wakamwangushe wako kama wa dada yako? Unamtukana mtu aliyekutoa?"

"Mama, anajua. Akijua nimekwama ataninyamazia. Wale wakijua, hata kama wananitukana, kisu wanacho."

Hiyo ndiyo hesabu yangu yote iliyobaki. Ilikuwa fupi, nikashangaa nilikuwa naisumbukia nini.

"Mwache," Mkunga akasema nyuma yangu. Alikuwa amekaa mkekani, anapangusa mikono yake kidole kimoja kimoja. "Mwache akapigwe makofi ya serikali." Nilipokuwa nimeshavuka kizingiti akaniita. "Miguu!" Nikageuka. Alikuwa ameingiza mkono kikapuni, akanitolea wembe kwenye karatasi yake. "Shika. Huko hawana hata wembe. Mpya huo."

Nikauchukua. Mpaka leo sijui niuweke upande gani wa hesabu yangu.

Mwavita alikuwa ametusikia, ua kwa ua. Alitoka akiwa amevaa khanga mbili na kushika ya tatu. Alisimamisha pikapu iliyokuwa inapeleka migebuka mjini, kwa kusimama katikati ya barabara na kukataa kutoka. Dereva akatoa kichwa.

"Mzazi sawa, apande. Huyo mwingine ananuka, abaki."

"Samaki zako ndizo zinanuka," nikamwambia. "Twende."

Mwavita alipanda nyuma, kwenye matenga ya samaki, nikapanda naye. Hakuna siku niliyomwona amekaa kwa raha kama ile, kwani pale hakuna pua iliyoweza kumtofautisha. Kwenye mashimo alinishika kiuno. Nilimwambia jibu la swali lake njiani, tukiwa tumeipita njia ya Bangwe. Aliikunja na kuikunjua ile khanga ya tatu mpaka tulipoona bati za hospitali.

"Kabla ya adhuhuri," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa bado naweza kutembea."

Hospitali ilikuwa kama nilivyoiogopa. Benchi limejaa, mwanamke wa Kikongo amelala sakafuni juu ya kitenge, na nesi, mtu mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alinifokea kabla sijafungua mdomo. "Wewe msomi ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Glovu? Pamba? Uzi?" Nikampa kimoja kimoja. "Wembe?" Nikampa wa Mkunga. Mwavita alifukuzwa mlangoni, akakaa nje kwenye majani mahali ambapo ningeweza kumwona dirishani. Uchungu ukanijia, nikapiga kelele, nesi akanichapa kofi la paja na kusema kelele zangu nizipeleke kwa mume wangu. Lilikuwa kofi zito. Kisha, akiwa ameshaingiza mkono, alitulia kama yule mwingine alivyotulia, nami nikamtazama uso.

"Kichwa kiko juu bado," akasema kwa sauti, kwa yeyote aliye chumbani. "Kisiposhuka mpaka jioni namwita daktari. Unasikia? Nimekwambia mapema usije ukanisumbua."

Nikasema nimesikia.

Akavua glovu, akavuta kadi yangu ya kliniki, akalamba kalamu.

"Jina la baba wa mtoto?"

Nilitetemeka. Nilikuwa na mume mmoja na sikuwa na cha kuficha, lakini nilitetemeka mpaka kitanda kikalia na mwenzangu wa miguuni akalalamika. Nilisema jina. Kisha nikangoja.

Nesi aliliandika, akafunga kadi, akaenda kwa anayefuata. Hakuniuliza jingine.